Mbwa wa Fundi Chabani na Pembe ya Mchaichai

Kabla beseni za plastiki hazijaingia Gitega na kuua kazi za watu, asubuhi ya mtaa wa Waswahili ilianza kwa adhana, na baada ya adhana ikafuata nyundo ya Chabani. Alikuwa fundi wa mabati. Taa za mafuta, karai, ndoo, mifereji ya maji ya mvua, makopo ya kumwagilia miche ya kahawa, vyote vilitoka katika kibanda chake cha mabanzi kilichoegemea nyumba yake mwenyewe. Leo Gitega ni mji mkuu, una wizara zake na pikipiki zake, na watu wanapita mbio utadhani nyumba zao zinaungua. Enzi hizo mtu alikwenda kwa miguu, na akifika mbele ya kibanda cha Chabani alisimama kidogo, hata kama hakuwa na ndoo ya kuziba. Alisimama tu, akatazama bati likikunjwa, akaaga, akaenda zake.

Wasichopata pale ni maneno. Chabani alijibu salamu, akataja bei, basi. Waliomjua ujanani walisema zamani alikuwa msemaji wa kuvunja watu mbavu, na kwamba hata harusi yake na Kulthumu, binti wa Mzee Zuberi mchinjaji, ilitokana na mdomo wake zaidi ya mfuko wake. Maneno yalimkauka mwaka wa 1959, msimu wa mvua, na sababu yake nitaisema sasa hivi, kwa kuwa bila hiyo habari ya mbwa haina kichwa wala miguu.

Msimu huo Chabani alikuwa Muyinga, akiezeka maghala ya kahawa. Kulthumu alibaki Gitega na mimba yake ya kwanza, chini ya macho ya baba yake. Mvua ilikata barabara, lori zikakwama, na habari nazo zikakwama pamoja na lori. Siku zilipofunguka, dereva Hamissi alimkuta Chabani juu ya paa, akamwita ashuke. "Fundi, Kulthumu alizaa. Mtoto wa kiume. Lakini Mungu amemchukua. Pole sana, ndugu yangu." Hamissi hakujua zaidi ya hapo, naye hayo aliyasikia sokoni.

Chabani alipofika nyumbani, kaburi dogo lilikuwa limekwisha kuota majani. Kulthumu alimpokea mlangoni, akafungua kinywa, na kabla hajatoa neno mumewe akamwambia, "Nimeshaambiwa. Usiniambie tena." Alidhani anajikaza asimlilie mkewe. Alidhani huo ndio uanaume. Kulthumu alifunga kinywa chake, na nyumba ile ikaanza kuishi kimya kimya, watu wawili wanaopishana na sahani.

Kilichomla Chabani hakikuwa kifo peke yake. Alipokuwa mdogo chuoni, mwalimu wake wa Kurani alikuwa akiwafundisha kwamba mtoto yuko rehani mpaka achinjiwe akika yake. Siku ya saba anyolewe, apewe jina, mbuzi achinjwe, watu wale. Na akifa kabla ya hapo, alisema mwalimu yule, siku ya Kiyama hatawashika wazazi wake mkono. Chabani alipiga hesabu zake juu ya lori la kurudi. Mtoto ambaye kuzaliwa kwake na kufa kwake vililetwa kwa pumzi moja, siku ya saba angeifikia wapi? Nyumbani hakukuwa na baba wa kumchinjia. Basi mwanawe alikuwa ameondoka bila jina na bila akika, na baba yake akiwa amepanda paa la watu akipigilia misumari. Angeweza kumuuliza shehe kama akika huchinjwa hata baadaye, lakini kuuliza ni kusema, na kusema hakuweza. Alipoalikwa akika za wenzake alipeleka taa mpya ya zawadi, yeye mwenyewe akabaki kibandani na nyundo yake.

Ndivyo alivyokuwa uhuru ulipomkuta. Mwaka wa 1962, mwezi wa saba, kila mtu mtaani alipata kitu: huyu bendera ya karatasi, yule cheo, mwingine gari bovu la mkubwa aliyeondoka. Chabani alipata mbwa.

Alikuwa mbwa wa Mbelgiji mmoja aliyefundisha useremala kule Mushasha. Chabani alikuwa amemfungia mifereji ya nyumba, na kila mchana alipokaa kula, mbwa huyo alikuja kukaa mbele yake, akamtazama usoni bila kubweka, mpaka Chabani akamkatia kipande cha muhogo. Damu zao zilipatana. Siku ya kufunga masanduku, mzungu alikuja mpaka kibandani, kamba mkononi, akasema kwa Kiswahili chake cha kusukumwa, "Chabani, mbwa hii yako sasa. Jina Bizu." Akampa kamba, akageuka haraka. Chabani alibaki ameshika kamba, na mtaa mzima wa Waislamu umemtolea macho.

Kulthumu alitoka nje akifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mpishi wa mandazi aliyejulikana mpaka kwenye shule za Mushasha.

"Hii kitu inaingia wapi?" aliuliza.

"Haiingii. Inabaki huku nje."

"Kwa nyumba ya watu wanaswali, Chabani?"

"Mzungu ameenda. Ameniachia."

"Wengine wazungu wanawaachia nyumba," alisema Kulthumu. "We wanakuachia mbwa!"

Hata hivyo hakumfukuza. Aliweka sheria tu: asivuke kizingiti cha jiko, asiguse chombo cha nyumba, na suruali iliyoguswa na mbwa isiswaliwe. Chabani akatenga suruali moja kuukuu ya kibandani, akamkatia Bizu sahani ya bati na kumpigia kijumba cha mabati chenye mfereji wake wa mvua. Wapita njia walicheka hadi wakashika kiuno. Mbwa ana mfereji, na nyumba ya imamu inavuja!

Kisha likatokea jambo ambalo Kulthumu alilisikia kwanza kupitia ukuta. Chabani alikuwa anazungumza. Ameinamia bati lake, mbwa amelala miguuni, naye anamweleza habari za bati bovu la siku hizi, za baridi ya Gitega, za mteja aliyemtia hasira asubuhi. Maneno yalitoka kidogo kidogo, kama maji ya bomba lililofungwa siku nyingi. Kulthumu alisimama upande wa pili wa ukuta na unga mikononi, akasikiliza. Yalimkata maini.

Bizu alikuwa na tabia moja tu mbaya: alifukua. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ua mdogo wa udongo mwekundu, uliofagiwa kila alfajiri mpaka ukang'aa. Huko ndiko Kulthumu alikoanika karanga, akakaangia mandazi, akapokea wageni wake wa kike. Katika pembe ya mbali, karibu na ukuta, aliotesha mchaichai. Asubuhi moja waliamka wakakuta shimo, na mchaichai umelala ubavuni mizizi juu.

Kulthumu alirukwa na akili. Mwanamke ambaye hakupandisha sauti hata siku mwizi alipobeba kuku wake wote, alishika ufagio akamfukuza mbwa ua mzima, machozi yakimlengalenga. Chabani alishangaa. Mchaichai! Mmea ambao ukiung'oa leo, kesho kutwa umeota. Alirudisha udongo, akapanda upya, akaomba radhi kwa niaba ya mbwa.

Siku iliyofuata shimo lilikuwa pale pale.

Hapo vita vikaanza. Chabani alijaza shimo kwa mawe. Bizu akayatoa moja moja, akayapanga kando vizuri kabisa. Akamwaga majivu. Akamwaga pilipili iliyotwangwa, na upepo ukairudisha jikoni, wakapiga chafya nyumba nzima, mbwa peke yake akiwa salama. Mtu mmoja sokoni alimwambia azike kinyesi cha mbwa mwenyewe ndani ya shimo, kwamba mbwa hafukui uchafu wake; Kulthumu aliposikia hivyo akauliza nani atakayekaanga mandazi karibu na hapo, na shauri hilo likafa siku hiyo hiyo. Chabani akamchimbia Bizu shimo lake maalum nyuma ya kibanda, akalilainisha udongo, akazika mfupa. Bizu alikula mfupa, akalala kidogo katika shimo lake kwa adabu, halafu akaenda zake kwenye mchaichai.

Akaambiwa mbwa anafukua kwa kuwa nguvu zimemzidi, amchoshe. Basi alfajiri, baada ya swala, Chabani alivaa suruali yake ya mbwa, akashika kamba, akamtembeza Bizu mpaka njia ya Mushasha na kurudi. Muungwana wa Kiislamu, kofia kichwani, anatembeza mbwa kwa kamba! "Mzungu mweusi huyo!" walipiga kelele wavulana. "Uhuru umemfikia kweli kweli!" Wazee walimtazama kwa jicho la pembe. Chabani alimeza yote. Alikuwa hajawahi kupigania kitu tangu mwaka ule wa mvua, na hakutaka kumpoteza kiumbe wa pekee aliyemfungua kinywa.

Usiku Bizu alilala fofofo. Alfajiri mchaichai ulikuwa umelala ubavuni.

Ndipo Kulthumu akasema neno lake la mwisho. Alisema polepole, bila kumtazama mumewe.

"Ijumaa lori ya Hamissi inaenda Muyinga. Kaka yangu Uthmani iko na shamba ya karanga kule Butihinda, nguruwe za pori zinamusumbua. Ukishindwa kuzuia hii mbwa mbele ya Ijumaa, itaenda kwake."

"Kulthumu, ju ya mchaichai?"

"Usiniulize ju ya nini," alijibu. "We hujawahi kuuliza kitu kwa hii nyumba. Usianze na mbwa."

Chabani alirudi kibandani akakaa juu ya fuawe, chuma chake cha kupigia bati, mikono imening'inia. Hakuelewa. Alichoelewa ni kwamba Ijumaa ikifika kibanda kitarudi kuwa kimya, na yeye atarudi kuwa yule mtu wa kutaja bei tu.

Mlango wa tatu kutoka kwake aliishi Baguma, Mkongo wa Kabare, muuza vitenge, Mkristo wa kusali kila Jumapili, mtu wa tumbo na kicheko. Yeye na mkewe Scholastique walikuwa wamehamia mtaani miaka miwili nyuma, na Waswahili waliwapenda kwa sababu hawakunung'unikia adhana. Alhamisi asubuhi, Kulthumu akiwa amekwenda Mushasha na kapu lake la mandazi, Baguma alikuja kuzibiwa birika, akamkuta fundi amekaa tu, na mbwa amefungwa mnyororo.

"Fundi, nani amekufa?"

Chabani alimsimulia. Huyu mtu mkimya alimsimulia kila kitu, mawe, pilipili, matembezi na Ijumaa. Baguma alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

"Inachimba fasi ngapi?"

"Moja. Pale pale kila siku."

"Bon. Babu yangu kule Kabare alikuwa na mbwa za kuwinda, nimekomaa katikati yao. Mbwa inaweza kuchimba ju ya joto, ama ju ya panya, ama ju ya uzembe tu. Lakini hiyo inachimba huku na huku. Ikirudia fasi moja, iko kitu chini. We unajaza, yeye anatoa, we unajaza. Mwachie amalize kazi yake siku moja, utaona. Ukitoa hiyo kitu, ataacha."

"Hakuna kitu pale. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, kiwanja kilikuwa kitupu."

"Basi utamwonyesha mbwa kama yeye ni mjinga," alisema Baguma, akachukua birika lake, akaenda.

Chabani alimfungua Bizu. Mbwa alitazama mnyororo chini, akamtazama bwana wake, kisha akaenda moja kwa moja pembeni mwa ua, bila haraka, kama mtu anayekwenda kazini. Mchaichai uliruka. Udongo ukaruka. Chabani alisimama nyuma yake, mikono mgongoni. Shimo lilifika mahali lilipokuwa likifika siku zote, likapita hapo. Baadaye Bizu aliingiza kichwa chote, akavuta kitu kwa meno, akarudi nyuma akitingisha mkia.

Kilikuwa kitambaa. Kilikuwa cheupe zamani. Sasa kilikuwa na rangi ya udongo, kimeoza pembeni, lakini fundo lake bado lilishika. Chabani alimwondolea mbwa mdomoni, akapiga magoti, akafungua.

Mifupa. Ya mbuzi mdogo. Mguu mzima, paja, mbavu, uti wa mgongo kipande kwa kipande, na hakuna hata mmoja uliovunjwa. Kila mmoja ulikuwa umeachanishwa kwenye kiungo chake kwa ncha ya kisu, kwa subira, bila shoka kugusa mahali popote. Hakuna Mwislamu wa mtaa ule asiyejua maana yake. Mbuzi wa harusi anakatwa kwa shoka, mbuzi wa Idi anakatwa kwa shoka. Mbuzi ambaye mifupa yake haivunjwi, ikakusanywa yote baada ya watu kula, ikafungwa nguo nyeupe na kuzikwa uani, ni mmoja tu, na huchinjwa kwa ajili ya mtoto. Na Gitega nzima mkono uliojua kuachanisha viungo namna ile ulikuwa wa Mzee Zuberi, mkwewe, ambaye naye alikuwa amefariki mwaka uliofuata msiba ule, bila kumwambia neno. Angemwambia vipi? Mkwe na mkwe hawazungumzi mambo ya uzazi.

Kiwanja kilikuwa kitupu alipojenga. Katika nyumba ile alizaliwa mtoto mmoja tu.

Jua lilipanda. Bizu alikuja kulala kando ya goti lake, akamlazia kichwa pajani, na Chabani hakukumbuka kwamba alikuwa amevaa suruali ya swala.

Kulthumu alirudi adhuhuri na kapu tupu kichwani. Alipita pembeni mwa nyumba, akaona shimo, akaona nguo nyeupe imefunguliwa juu ya mapaja ya mumewe. Kapu lilianguka.

"Umetoa," alisema. "Chabani, umetoa!"

"Ulikuwa unajua iko hapa," alisema Chabani.

"Nijue? Mi njo niliizika, na mikono yangu hii. Na mchaichai nikapanda juu, nisisahau fasi."

"Ju ya nini hukuniambia?"

"Ulinikataza!" Sasa Kulthumu alikuwa analia waziwazi, amesimama, mikono kichwani. "Siku ile ulirudi nilifungua kinywa, ukasema nisikwambie. Nikasema, bon, moyo yake ni nzito, atauliza mwenyewe. Nilingoja. Mtaa nzima walikula hiyo mbuzi, nikajua msikitini watakwambia. Nikaona umejua na hujali. Kila akika ya watu unakimbia. Alafu mbwa inakuja, unaiambia kila kitu, mi nasikia kwa ukuta. Mbwa, Chabani!"

Na kweli, mtaa mzima ulijua. Waliokula nyama ile walikuwa wengi. Kila mmoja wao aliamini kwamba Chabani anajua kabla yake, kwa mkewe, na hakuna mwenye akili anayemtajia baba mtoto wake aliyekufa wakati anaziba ndoo. Kwa ajili ya adabu tu, watu wema walimwacha aungue peke yake.

Chabani aliuliza swali lake la kwanza.

"Alifika siku ya saba?"

Kulthumu alishusha mikono. Alimtazama kama aliyemwona kwa mara ya kwanza baada ya safari. Kisha akaja akakaa chini, kwenye udongo, upande wa pili wa shimo.

"Alipita," alisema. "Alikaribia wiki mbili. Alikuwa ananyonya vizuri. Baba alimunyoa mwenyewe, mkono unatetemeka, yeye mutu wa kisu! Mbuzi alichagua kwa zizi yake, yule mweupe. Joto ilikuja kisha, usiku moja tu, asubuhi hakuamka."

"Alikuwa na jina?"

"Alikuwa na jina."

Chabani alingoja. Kulthumu naye alingoja, kwa kuwa alikuwa amengoja miaka mitatu na hakutaka kumrahisishia.

"Mlimwita nani, Kulthumu?"

"Athumani," alisema. "Baba alisema mtoto wa kwanza ni wa kwenu, apewe jina ya baba yako."

Chabani alilia. Watu wengine wangeandika kwamba chozi lilimtoka. Hapana, alilia kwa sauti, mpaka Scholastique akaja kuchungulia juu ya ukuta akidhani kuna msiba, na kwa kweli ulikuwepo, umechelewa tu. Kulthumu hakumbembeleza. Alikaa pale akimwangalia, na kadiri mumewe alivyolia ndivyo uso wake yeye ulivyolegea. Mwisho akanyoosha mkono juu ya shimo, akamshika.

Alasiri hiyo Chabani alikata bati jipya, lile zito alilokuwa ameliweka kwa kazi ya imamu, akatengeneza sanduku dogo, akaliunga kila upande mpaka tone la maji lisingepita. Kulthumu alitoa kanga yake nyeupe. Waliifunga mifupa pamoja, wakaizika pamoja, chini zaidi kuliko mwanzo, na mchaichai ukarudi mahali pake. Bizu alinusa pale siku mbili tatu, akakata tamaa.

Ijumaa lori la Hamissi lilikwenda Muyinga bila mbwa. Uthmani wa Butihinda aliendelea kupambana na nguruwe wake mwenyewe.

Usidhani Bizu aliacha kufukua. Mbwa ni mbwa. Alifukua chini ya kibanda, alifukua penye karanga, siku moja alifukua kiatu cha Baguma ambacho mbwa mwenyewe alikuwa amekizika. Kulthumu aligomba, akarusha kuni, akacheka. Ndiyo, alicheka, ua ule ulianza kuwa na kelele. Miaka hiyo ya baada ya uhuru, wakati redio zilipokuwa zikitangaza mambo makubwa ambayo watu wa mtaani hawakuyaelewa vizuri, nyumba ya fundi ilikuwa na mazungumzo mpaka taa inakwisha mafuta. Binti yao Fatuma alizaliwa humo. Akika yake alichinja Chabani mwenyewe.

Mwaka wa 1968 kazi ya mabati ilikuwa imehamia Muyinga, kwenye maghala na maduka mapya, na Kulthumu alitaka kuwa karibu na kaka yake. Kuondoka Gitega kuliwauma, na kilichouma zaidi ni ile pembe. Nyumba walimwachia Baguma. Kabla ya kupanda lori, Chabani alimpeleka uani akamwonyesha kwa kidole. Baguma alivua kofia yake, yeye Mkristo, akasema, "Hapa jembe haitapita, fundi. Mi na Scholastique tutachuma chai tu." Nao walitimiza, mpaka walipozeeka.

Bizu alisafiri juu ya magunia, masikio yanapepea, mvi mdomoni. Aliishi Muyinga mwaka mmoja na ushei, akafa kivulini, mguu mmoja ndani ya shimo alilolianza na hakulimaliza. Chabani hakuzungumza siku nzima, lakini jioni alimweleza Kulthumu jinsi anavyojisikia, akala, akalala.

Muyinga hakuna aliyewajua. Wageni wakifika mahali huulizwa waitweje, na Kulthumu ndiye aliyejibu, siku ile ya kwanza kisimani, kabla hajafikiri: Mama Athumani. Basi mume akawa Baba Athumani, msikitini, sokoni, juu ya mapaa ya watu. Fatuma alikua akisikia wazazi wake wanaitwa hivyo na hakuona ajabu. Wateja ndio waliouliza, hasa wapya. Tunamwona Fatuma, Baba Athumani. Huyo Athumani yuko wapi, anafanya kazi Bujumbura?

Chabani aliweka nyundo chini kila alipoulizwa. Alimsogezea mteja kigoda. Alisema Athumani yuko Gitega, wamemzika huko mwaka wa 1959, mvua ilikuwa kubwa. Halafu, kwa kuwa sasa alikuwa tena yule msemaji wa zamani, alimweleza mtoto huyo ambaye macho yake hayakumwona hata siku moja: jinsi alivyonyonya kwa pupa, jinsi alivyolia wembe ulipogusa kichwa, nywele zake nyingi, nyeusi tii.

"Za kahawia," Kulthumu alimsahihisha kutoka jikoni. "Zilikuwa za kahawia, Baba Athumani."

"Za kahawia," alisema Chabani, akaendelea.